Sindano ya Dira Haijawahi Kutulia

Ijumaa ya Mei 10, 2024, mawingu ya gesi yenye chaji ya umeme yaliyorushwa na Jua yaliifikia Dunia, moja baada ya jingine. Usiku huo anga la Mexico, la Ulaya ya kati na hata la Namibia liligeuka jekundu na zambarau, rangi ambazo kwa kawaida huonwa na watu wanaoishi karibu na ncha za Dunia tu. Wataalamu waliipa dhoruba hiyo daraja la juu kabisa, ambalo halikuwa limefikiwa tangu Oktoba 2003. Siku mbili baadaye, Jumapili, intaneti ikayumba Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali.

Ni rahisi kuyaunganisha mambo hayo mawili, na ni kosa. Intaneti ile ilipotea kwa sababu ya hitilafu kwenye nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, karibu na pwani ya Afrika Kusini. Jua halikuhusika. Nalisema hili mapema kwa sababu sumaku ya Dunia husingiziwa mengi, kuanzia maumivu ya kichwa hadi matetemeko ya ardhi, na porojo hizo huuficha ukweli ambao unasisimua kuliko porojo zenyewe. Wikiendi ile vipimo vya maeneo ya latitudo za chini, yetu yakiwemo, vilionyesha uga wa sumaku wa Dunia ukishuka kwa takribani nanotesla 400. Karibu na Ikweta uga huo una nguvu ya nanotesla 30,000 na ushei. Maana yake ni kwamba zaidi ya asilimia moja ya ngao yetu ilitoweka kwa saa kadhaa, kisha ikajirudishia taratibu kwa muda wa siku kadhaa, na wengi wetu tulikuwa tumelala.

Shuleni tulifundishwa kwamba dira huonyesha kaskazini, tukaondoka darasani tukidhani habari imekwisha. Kumbe sindano ya dira haielekei kaskazini halisi ila mahali pachache, na haijawahi kutulia hata siku moja. Huyumba ndani ya saa chache, huhama kwa miaka na kwa karne, na mara nyingi katika historia ya Dunia imewahi kugeuka kabisa ikaelekea kusini. Inatumikia mabwana wawili. Mmoja yuko juu, kilomita milioni 150 kutoka hapa. Mwingine yuko chini ya miguu yetu, karibu zaidi kuliko umbali wa kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg na kurudi, lakini hakuna binadamu atakayewahi kumfikia.

Bwana wa juu

Aliyeandika kwanza kwa uangalifu kwamba sindano huyumba kila siku alikuwa fundi saa wa London, George Graham, mwaka 1722. Alitengeneza sindano nyepesi mno, akaiangalia kwa hadubini tena na tena, asubuhi, mchana na jioni, akakuta kila siku inakwenda upande mmoja na kurudi. Hakujua ni kwa nini. Mnamo Aprili 1741, Olof Hiorter na Anders Celsius, yule ambaye jina lake tunalitumia kupimia joto, waliona sindano yao huko Uppsala, Sweden, ikirukaruka wakati taa za aurora zimetanda angani. Graham naye akaona msukosuko kwenye sindano yake London siku ileile. Miji hiyo imetenganishwa na zaidi ya kilomita elfu moja. Tangu hapo haikuwezekana tena kusema kwamba chombo ndicho kibovu.

Sababu ya mwendo wa kila siku iko angani, kuanzia kilomita 100 hivi juu ya vichwa vyetu. Huko mwanga mkali wa Jua huzing'oa elektroni kutoka kwenye atomu za hewa, na hewa inakuwa kitu kinachoweza kupitisha umeme. Mchana joto huisukuma hewa hiyo huku na huko ndani ya uga wa sumaku, na hapo hutokea kilekile kinachotokea kwenye dainamo ya baiskeli gurudumu linapozunguka: mwendo pamoja na sumaku huzaa umeme. Mkondo huo wa umeme nao huzaa usumaku wake mdogo, ambao hujumlishwa kwenye ule wa Dunia au hupunguza. Hata Mwezi una mkono wake hapo. Mvuto uleule unaoleta maji kujaa na kupwa katika pwani yetu huivuta pia hewa ya juu, na alama yake inaonekana kwenye vipimo vya sumaku, ingawa ni ndogo.

Afrika Mashariki iko pembeni kabisa mwa mahali ambapo mchezo huu ni mkali kuliko kwingine kokote. Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambao juu yake sindano iliyoachwa huru hulala sambamba na ardhi, haipiti Nanyuki wala Entebbe. Katika upande wetu wa bara inapita Ethiopia. Juu ya mstari huo mikondo ya umeme ya mchana hubanwa ikawa mkanda mwembamba wenye upana wa kilomita mia kadhaa, kwenye kimo cha takribani kilomita 110. Athari yake ilionekana kwanza Huancayo, Peru, ambako kituo cha kupima sumaku kilifunguliwa mwaka 1922, na kwa upande wa Afrika kituo cha Addis Ababa kimekuwa kikiifuatilia tangu 1958. Kila mchana mkanda huo hupanda, kila jioni hufifia. Baada ya Jua kuzama, hewa hiyo yenye chaji hufanya mapovu makubwa yanayovuruga mawimbi ya GPS. Mpima ardhi wa Kisumu au wa Mwanza anayekuta kifaa chake kinapoteza setilaiti saa mbili usiku bila mti wala jengo karibu asikimbilie kuirudisha mashine dukani.

Hayo ni ya siku tulivu. Siku ya dhoruba ni habari nyingine. Asubuhi ya Septemba 1, 1859, Mwingereza Richard Carrington alikuwa akichora madoa ya Jua yaliyoangazwa kutoka kwenye darubini yake, akaona miali miwili ya mwanga mweupe imezuka katikati ya madoa na kutoweka baada ya dakika chache. Saa zisizofika 18 baadaye, vipimo vya sumaku vikavurugika dunia nzima. Kule Mumbai, kituo cha Colaba kilirekodi anguko kubwa ajabu, mara kadhaa kuliko lile la Mei 2024. Makarani wa telegrafu Marekani walipigwa na cheche, na baadhi yao walizitoa betri wakakuta wanaweza kuendelea kutuma ujumbe kwa umeme uliozalishwa na dhoruba yenyewe.

Siku hizi nyaya zetu ni ndefu na zimebeba mengi zaidi kuliko telegrafu. Usiku wa Machi 13, 1989, jimbo la Québec nchini Kanada liliingia gizani baada ya dhoruba kusukuma mikondo isiyotakiwa kwenye gridi; mfumo mzima ulianguka ndani ya dakika mbili hivi, na watu milioni sita walikaa saa tisa bila umeme. Mei 2024 gridi zilihimili, kwa sababu waendeshaji walionywa mapema, lakini wakulima wa Marekani waliokuwa wakipanda kwa matrekta yanayoongozwa na GPS walilazimika kusimama katikati ya msimu. Sisi wa Ikweta tuko mbali na ncha, ambako mikondo hii huwa mikali, na hiyo ni nafuu ya kweli. Si kinga kamili. Wahandisi wa Afrika Kusini walihusisha uharibifu wa transfoma kadhaa kubwa na dhoruba za mwisho wa 2003, katika nchi ambayo hapo awali haikuhesabiwa kuwa hatarini.

Bwana wa chini

Dhoruba hupita. Lakini kuna mabadiliko ambayo hayarudi kesho wala mwezi ujao. Mwaka 1580 sindano ya dira London ilielekea nyuzi 11 hivi mashariki mwa kaskazini halisi. Mwaka 1634 Henry Gellibrand alipima tena, akapata nyuzi nne. Kaskazini ya sumaku ilikuwa imehama, na hata manahodha waliokuwa wamekabidhi maisha yao kwa dira hawakuwa na habari. Sindano iliendelea: ikavuka kaskazini halisi, ikaenda magharibi hadi nyuzi 24 mwanzoni mwa karne ya 19, ikaanza kurudi, na mwaka 2019 ikawa imelingana na kaskazini halisi kwenye mstari wa Greenwich, baada ya takribani miaka 360. Edmond Halley, yule wa nyotamkia, alijaribu kulieleza hilo mwaka 1692 kwa kusema kwamba ndani ya Dunia kuna maganda yanayozunguka kwa kasi tofauti. Alikosea kuhusu maganda. Kwamba kitu fulani ndani kinatembea, hapo alipatia.

Kitu hicho ni chuma kilichoyeyuka. Ukichimba kilomita 2,900 hivi utatoka kwenye miamba na kuingia kwenye bahari ya chuma na nikeli yenye joto la maelfu ya nyuzi. Chuma hupoteza usumaku wake kikipita nyuzi 770 za Selsiasi, kwa hiyo wazo la kwamba ndani ya Dunia kuna sumaku kubwa kama ile ya spika haliwezekani. Kinachotokea ni kwamba chuma hicho kinapoa na kujigeuza, kinapanda na kushuka. Katikati kabisa sehemu yake inaganda kuwa tufe gumu, na kuganda huko husukuma juu vitu vyepesi vilivyokuwa vimechanganyika nacho. Mzunguko wa Dunia huzipinda safari hizo zikawa nguzo zinazosokota. Chuma kinachotembea ndani ya uga wa sumaku huzaa umeme, umeme huo huurudishia uga nguvu, na hivyo mashine inajilisha yenyewe. Joseph Larmor alilipendekeza wazo hili mwaka 1919. Ilipofika 1995 Gary Glatzmaier na Paul Roberts waliweza kuiendesha mashine hiyo ndani ya kompyuta na kuishuhudia ikijigeuza bila kuguswa.

Mwendo wa chuma hicho ni kilomita 10 hadi 20 kwa mwaka, mita mbili hivi kwa saa. Ni polepole, lakini unatosha kuisogeza ncha ya sumaku. James Clark Ross aliifikia ncha ya kaskazini ya sumaku Juni 1, 1831, ikiwa Kanada. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ilisogea kilomita 10 hadi 15 kwa mwaka, kisha miaka ya 1990 ikachanganya mwendo hadi zaidi ya 50, ikielekea Siberia. Phil Livermore na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leeds walionyesha mwaka 2020 kwamba pale mpakani mwa chuma na miamba kuna maeneo mawili makubwa yenye sumaku kali, moja chini ya Kanada, jingine chini ya Siberia, na kwamba lile la Kanada limerefuka na kudhoofika. Ncha inamfuata mwenye nguvu.

Wakati mwingine mabadiliko yenyewe hubadilika ghafla. Kasi ya uga inayosogea vizuri kwa miaka hupinda kama imegonga kitu. Ilitokea karibu na 1969, 1978, 1991, na tena 2016. Hilo la 2016, pamoja na mbio za ncha, lilifanya ramani ya sumaku inayotumiwa na meli, ndege na simu za mkononi ipitwe na wakati kabla ya miaka yake mitano kuisha, ikabidi itolewe nyingine mapema 2019. Julien Aubert na Christopher Finlay wanaeleza kwamba donge la chuma chenye joto zaidi likipanda kutoka kina kirefu hutuma mawimbi yanayofika juu na kuupiga uga kwa mshtuko. Ni maelezo mazuri kuliko mengine niliyoyasoma, ingawa yanategemea kompyuta zaidi kuliko kipimo cha moja kwa moja. Setilaiti tatu za Ulaya ziitwazo Swarm, zilizorushwa Novemba 2013, ndizo zinazoyafuatilia sasa. Na viwanja vya ndege vinalipa gharama ya mabadiliko hayo kwa rangi: njia za kurukia hupewa namba kwa kufuata dira, na mwaka 2011 Tampa, Florida, walilazimika kufunga njia yao kuu ili wabadilishe namba iliyokuwa imepitwa.

Yaliyoandikwa kwenye udongo wetu

Vipimo vya dira vina karne nne hivi. Kwa mashine inayokwenda kwa maelfu ya miaka, hiyo ni dakika. Ili kuona nyuma zaidi lazima tusome kitu kingine, na hapo Afrika ndiyo yenye kitabu.

Udongo wa mfinyanzi una chembe za oksidi za chuma. Ukiupasha moto hadi kupita nyuzi 580 hivi, chembe za magnetaiti husahau usumaku wote ziliokuwa nao. Udongo unapopoa, kila chembe hujipanga kwa kufuata uga wa sumaku wa siku hiyo, mahali hapo, na kubaki hivyo. Chungu kilichochomwa hubeba kumbukumbu ya nguvu ya uga. Sakafu iliyoungua na kubaki palepale hubeba na mwelekeo wake.

Katika bonde la mto Limpopo, mahali zinapokutana Afrika Kusini, Zimbabwe na Botswana, wakulima wa Enzi ya Chuma waliozungumza lugha za Kibantu walikuwa na desturi inayohusishwa na utakaso nyakati za ukame: walichoma nyumba na vihenge vyao vya nafaka. Moto ulikuwa mkali kiasi cha kuikaanga sakafu ya udongo. Mwanaakiolojia Thomas Huffman wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alizijua sakafu hizo, na John Tarduno wa Chuo Kikuu cha Rochester alikuja na vifaa vya kuzipima. Matokeo yao ya 2015 na 2018 yanaonyesha kwamba kusini mwa Afrika uga wa sumaku ulibadilika kwa kasi kati ya karne ya 13 na ya 16, nguvu ikishuka na mwelekeo ukipinda, na kwamba kitu kama hicho kilitokea pia karne nyingi kabla. Watu wale walitaka mvua. Walichotuachia ni kumbukumbu ya kiini cha Dunia ambayo hakuna jumba la nyaraka la Ulaya linaloweza kuifidia, na siwezi kuisoma habari yao bila kuguswa.

Inahusu leo pia. Kutoka Amerika ya Kusini kuvuka Atlantiki kuja upande wa kusini mwa Afrika kuna eneo ambalo uga ni dhaifu kuliko popote, nanotesla 22,000 hivi kwenye kitovu chake. Chembe kali za angani hushuka chini zaidi hapo, na darubini ya Hubble huacha kufanya kazi kila inapopita. Eneo hilo linapanuka, na vipimo vya Swarm vinaonyesha kitovu cha pili kikijitokeza upande wa Afrika. Tarduno anadhani chanzo ni mlima mkubwa wa miamba yenye joto na msongamano wa pekee, unaokaa juu ya bahari ya chuma chini ya Afrika. Ukingo wake ulio wima huvuruga mwendo wa chuma na kuzalisha vipande ambamo sumaku imegeuka kinyume. Yael Engbers na wenzake wa Liverpool waliongeza jambo mwaka 2020: lava za kisiwa cha Mtakatifu Helena, zenye umri wa miaka milioni 8 hadi 11, zinaonyesha kwamba sumaku ya sehemu hiyo ilikuwa na vurugu tangu zamani sana. Kwa hiyo udhaifu wa Atlantiki Kusini hautoshi kuwa dalili kwamba uga unakaribia kugeuka. Unaweza kuwa ni tabia ya mahali.

Kwamba uga hugeuka, hilo halina shaka. Mfaransa Bernard Brunhes aliikuta miamba yenye sumaku ya kinyume mwaka 1906. Na hapa tunafika kwetu. Mwaka 1963, Sherman Grommé na Richard Hay walipima lava ya chini ya Bonde la Olduvai, chini ya tabaka ambamo Mary Leakey alikuwa amelipata fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Miamba ya umri ule kwingineko ilionyesha dira ikielekea kusini. Lava ya Olduvai ilielekea kaskazini kama leo. Ndani ya enzi ndefu ya kinyume, uga ulikuwa umerudi ukakaa sawa kwa muda, na muda huo, kuanzia kama miaka milioni 1.95 hadi milioni 1.78 iliyopita, unaitwa Olduvai katika vitabu vya jiolojia vya dunia nzima. Mabaki ya binadamu wa kale wa Dmanisi, nchini Georgia, yalikadiriwa umri kwa msaada wake. Watalii wanaosimama ukingoni mwa bonde huelezwa habari za mafuvu. Ningependa sana waelezwe na hili, kwa sababu ni urithi wa Tanzania vilevile.

Mgeuko kamili wa mwisho ulikuwa kama miaka 780,000 iliyopita. Miaka 41,000 iliyopita uga ulidhoofika mno ukajaribu kugeuka, kisha ukarudi. Binadamu walikuwepo na waliendelea kuwepo, na mageuko yaliyotangulia hayakuandamana na kuangamia kwa viumbe, kwa sababu hewa yenyewe ni ngao nene. Tangu 1840 nguvu kuu ya uga imepungua kwa takribani asilimia 9, na bado haiko chini ya wastani wa mamilioni ya miaka. Mgeuko huchukua maelfu ya miaka. Anayesema utatokea mwakani anatafuta wasomaji.

Kinachonikera ni jinsi tunavyopima kidogo. Vituo vya kudumu vya sumaku barani Afrika ni vya kuhesabu: Addis Ababa, Hermanus, Tsumeb, Mbour, Tamanrasset na vingine vichache, wakati Ulaya, ndogo kiasi hicho, ina makumi. Si kazi ya mabilioni. Kituo cha namna hii ni kibanda kisicho na msumari hata mmoja wa chuma, mtu anayeacha funguo, simu na mkanda nje kabla ya kuingia, na uvumilivu wa miaka. Kinachotakiwa zaidi ni ukimya wa umeme: kile cha Afrika Kusini kilihamishwa kutoka Cape Town kwenda Hermanus mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu treni za umeme zilivuruga vipimo. Tanzania ambayo sasa ina SGR ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ingelazimika kukiweka chake mbali na reli.

Na kuna ya zamani ambayo hayajasomwa. Katuruka na vijiji vingine vya Kagera vina mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za karibu miaka 2,000, zilizofanya eneo hilo lijulikane kwa utafiti wa Peter Schmidt. Ziliungua kwa joto kubwa kuliko la kihenge chochote, na hazijahama. Mtafiti akifika kwenye tanuri kama hizo, kabla ya kung'oa kipande hukipaka plasta juu, hukisawazisha kwa pimamaji, kisha huchora juu yake mshale wa kaskazini ulioangaliwa kwa Jua, si kwa dira. Kipande kikishatolewa bila mshale huo, kwa jembe la mkulima au kwa greda la barabara, nguvu ya uga bado inaweza kupimwa ndani yake, lakini mwelekeo umepotea na hakuna namna ya kuurudisha.